Mtihani wa Kichwa Niliousomea

Kosa langu la kwanza nilipofika Minneapolis, Marekani, kucheza mpira wa kulipwa lilikuwa kujisomea mtihani ambao mtu hatakiwi kuusomea. Niliusomea kwa bidii, nikafaulu kupita kiasi, na kufaulu huko ndiko kulikonimaliza kama mchezaji. Nawaandikia nyinyi makocha wenzangu wadogo mliobaki na timu, kwa sababu mtihani wenyewe bado mnawapa wachezaji wenu kila mwaka kabla theluji haijayeyuka, na kwa sababu mwezi uliopita niliacha kazi bila kuaga vizuri. Mliniandalia keki. Nilikula kipande, nikasema gari langu nimelipaki vibaya, nikaondoka. Sikuwa nimepaki vibaya. Sijawahi kupaki vibaya maishani mwangu.

Wengine mtasema mtu wa miaka thelathini na nne hastaafu. Mpira una kalenda yake.

Nilizaliwa Tanga. Nilipokuwa na miaka tisa mama alipata kazi ya uuguzi Ireland, tukahamia mji mdogo wa kusini wenye mvua isiyo na adabu, na huko ndiko nilikojifunza mpira. Nasema kujifunza kwa maana ya kujifunza mwenyewe. Watoto waliochaguliwa kwenye shule za vipaji walichaguliwa mapema, na mimi wakati huo nilikuwa mwembamba na sifungui mdomo. Nilikuwa na ukuta wa bohari na simu ya mama. Natazama kiungo mmoja kwenye video, naisimamisha, natoka nje, napiga mpira ukutani, narudi ndani kuangalia kama mguu wangu ulikaa kama wake. Haukukaa. Natoka tena.

"Hemedi," mama alikuwa akiniuliza dirishani, "huo ukuta umekukosea nini?"

Siku yangu ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, huko huko Ireland, nilipewa nafasi ya kubadilishia nguo kati ya mabeki wawili waliokuwa wakiongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni benchi. Kwa woga nilikuwa nimeipiga pasi jezi ya mazoezi. Mikunjo ilionekana. Mwezi mzima kila aliyepita mbele yangu alijifuta njumu zake sakafuni kama mtu anayeingia hotelini. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wanafuta viatu tu, na mimi nikawa nakaa macho kitandani nikijiuliza jezi inatakiwa kukunjamana kiasi gani.

Miaka kadhaa baadaye klabu moja ya daraja la chini hapa Minnesota ilinichukua. Hapo ndipo nilipokutana na Fergal.

Fergal alikuwa kiungo, nahodha, Mwairishi kama mimi ila yeye wa kuzaliwa, mwenye nywele nyekundu zilizoanza kukata tamaa. Aliniona kwenye mlango wa lile puto kubwa la hewa tunamofanyia mazoezi wakati wa baridi, akanipa mkono.

"Wewe ndiye Mwairishi mwingine?"

"Ndiyo."

"Mama yako anatoka wilaya gani?"

"Tanga."

"Siijui. Iko upande wa kaskazini?"

Alikuwa anajua vizuri kabisa. Aliendelea kuniuliza habari za Tanga kama wilaya ya Ireland kwa miaka yote tuliyofahamiana. Wakenya waliokuwa wakija kututazama, wengi wao wauguzi na wanafunzi, walikuwa wagumu zaidi kushawishika. Mmoja aliniita pembeni ya uzio baada ya mechi, akanisikiliza nikijieleza kwa Kiswahili changu cha Tanga, akasema, "Haya. Wewe ukiwa Mwairishi, basi mimi ni Mnorwei."

Sasa mtihani. Mnaujua, lakini niueleze kwa ajili ya wageni. Kila Februari, kabla ya msimu, kila mchezaji hukaa mbele ya kompyuta. Inamwonyesha maneno, inayaficha, halafu inamuuliza yapi aliyaona. Inamwonyesha maumbo, rangi, inampima anavyobonyeza haraka. Alama zinawekwa. Akigongwa kichwa katikati ya msimu, anafanya mtihani ule ule, na alama mpya zinalinganishwa na za zamani. Zikifanana, anarudi uwanjani. Zikishuka, anasubiri. Aliyesimamia alikuwa Kristin, mtabibu wa timu, mama wa Minnesota mpole ambaye hata alipokuwa na habari mbaya alianza kwa kukuuliza hali ya barabara.

Wiki moja kabla ya mtihani wangu wa kwanza, Fergal alinikalisha chini.

"Ule mtihani wa kichwa," alisema, "fanya vibaya kidogo."

"Vibaya vipi?"

"Chelewa kubonyeza. Sahau maneno mawili matatu. Siku ukigongwa, utafanya vibaya kweli, na wataona wewe ndivyo ulivyo. Jumamosi unacheza."

"Huo ni udanganyifu."

"Hapana, Profesa. Huo ni uzoefu."

Profesa ndilo jina alilonipa. Ushauri wake ulinitia hofu kuliko alivyofikiri. Mimi siwezi kufanya vibaya kwa makusudi. Hata kwa bahati mbaya nikifanya vibaya, nalirudia kosa kichwani siku mbili. Nilirudi kwenye chumba changu Columbia Heights, pembeni ya Minneapolis, nikatafuta mtandaoni mazoezi ya kumbukumbu yanayofanana na ule mtihani, nikaanza. Asubuhi kabla ya mazoezi, jioni baada ya kula. Maneno, maumbo, rangi. Nilibuni njia ya kuyaunganisha maneno kuwa hadithi fupi za Kiswahili ili yasinitoke. Siku ya mtihani Kristin alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akacheka.

"Hemedi, sijawahi kuona alama kama hizi."

Nilifurahi kama mtoto. Nilimpigia mama.

Fergal naye alitoka kifua mbele. "Nimefeli vizuri sana," alisema.

Kila nilichokifundisha baadaye kuhusu kazi ya kiungo nilikipata kwake, kwa hiyo mkisikia mtu anasema nilikibuni mimi, msahihisheni. Shida yangu ilikuwa macho. Nilikuwa na mguu safi wa ukutani, lakini ukuta haukukimbilii kwa nyuma. Nilikuwa nausubiri mpira ufike ndipo niangalie pa kuupeleka, na kwa kiungo hapo umeshachelewa. Fergal alisimama nyuma yangu na vizibao vya mazoezi vya rangi mbalimbali. Mtu alinipasia kutoka mbele. Kabla mpira haujanifikia nilitakiwa kugeuza shingo, niseme rangi aliyoinua, nirudishe macho, nipokee. Tulifanya hivyo mpaka shingo ikaniuma kuliko miguu. Siku moja niligeuka nikaona kitu kingine mkononi mwake.

"Sandwichi!" nilipiga kelele.

"Ya nini?"

"Yai!"

"Sasa umeanza kuwa kiungo," alisema, akaiuma.

Tulicheza pamoja katikati misimu miwili. Sitaisimulia. Ilikuwa raha, na raha haina la kufundisha. Nitasema tu kwamba Fergal aligongwa kichwa mara kadhaa mbele ya macho yangu. Alikuwa akiruka kwa mipira ya juu ambayo mwenye akili angeiacha. Alianguka, akakaa, akatikisa kichwa, na siku mbili baadaye akakaa mbele ya kompyuta ya Kristin akapata zile zile alama zake mbovu. Jumamosi alicheza. Mara moja, wakati wa mapumziko, aliniambia kichekesho kuhusu padri na ng'ombe. Tulipokuwa tunatoka kwenye korido kurudi uwanjani akaniambia tena kile kile, kwa sauti ile ile, na akasubiri nicheke pale pale. Nikacheka. Nilidhani ndiyo heshima.

Msimu wa tatu zamu ikawa yangu. Kipa wao alipiga mpira mrefu. Niligeuza shingo nilivyofundishwa, nikawaona wapinzani wote, wa jezi nyeupe. Ambaye sikumwona ni beki wetu wenyewe, aliyekuwa anauendea mpira ule ule kutoka kando. Nakumbuka nyasi bandia, baridi, na vile vipunje vyeusi vya raba vinavyomwagwa kwenye nyasi hizo, mdomoni. Nakumbuka Fergal amepiga magoti.

"Profesa. Sema kitu."

"Njano," nilisema.

Baadaye waliniambia alikuwa ameshika kizibao cha njano cha mchezaji wa akiba, kwa hiyo nilipatia. Nilijivunia hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Wiki za mwanzo mwanga uliniumiza na kwenye maduka makubwa nilikuwa nashika rafu ili nisiyumbe. Halafu yakaisha. Nilikimbia, nililala, nilikula, nilijiona mzima. Nikakaa kwenye mtihani. Alama zilikuwa chini ya zile za Februari. Siyo mbaya, za mtu wa kawaida mwenye afya. Lakini mimi sikuwekewa alama za mtu wa kawaida. Nikarudia baada ya wiki mbili. Chini. Nikaanza tena kujifunza nyumbani, na safari hii zile hadithi fupi za Kiswahili zilikuwa zinagongana kichwani. Katikati ya mtihani viganja vilinitoka jasho hadi vitufe vikateleza.

"Unajibu kama mtu anayekimbizwa," Kristin alisema.

Hapo nikamwambia. Kwamba nilikuwa nimejifunza mtihani ule kabla ya kuufanya. Kwamba zile alama hazikuwa kichwa changu, zilikuwa kichwa changu pamoja na wiki nzima ya kukariri.

Alifunga kompyuta. "Wachezaji wengine nawashuku wanafanya kinyume," alisema. "Wewe ni wa kwanza kuniambia umefanya hivi." Halafu, kwa kuwa ni mtu wa hapa, aliniuliza kama barabara ya kuja ilikuwa na barafu.

Daktari wa ubongo aliyenipima alikuwa mkweli. Alisema huenda nimepona kabisa. Alisema pia huenda sijapona, na zile alama zilizopungua ndizo hasa zinazoonyesha kilichopotea. Bila alama za kweli za mwanzo, hana cha kulinganisha. Klabu haikutaka kubahatisha. Msimu ukaisha, na mimi nikaisha nao. Mpaka leo sijui kama ubongo wangu uliumia au nilishindwa tu kumfikia yule mimi aliyekuwa amekariri.

"Ungefeli kidogo," Fergal aliniambia, "Jumamosi tungekuwa wote uwanjani." Hakusema kwa ubaya. Nilimwamini. Kwa mwaka mzima nilijichukia kwa sababu ya kufaulu.

Nikawa kocha. Timu mnaijua: vijana wa kuanzia miaka kumi na minane, Wakenya wengi, Watanzania wachache, Wakongo wawili watatu, wanafunzi wa vyuo vya hapa ambao wote wana kazi nyingine, karibu wote kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kwa zoezi la kwanza niliandaa mpango wa kila dakika, nikauchapa, nikauwekea plastiki usilowe. Dakika ya tatu nilimkuta kiungo wangu amesimama katikati ya uwanja amefumba macho.

"Unafanya nini?"

"Nalala, coach."

"Umesimama?"

"Nimetoka shift saa hii. Nikikaa chini sitaamka, bana."

Huyo alikuwa Kevo. Nilitia ule mpango kwenye gari, nikawapa ndizi, tukaongea. Hilo nililijifunza siku ile na nawaachia: njooni na ndizi. Pampu ya mpira, glavu za ziada, ndizi. Mpango uwekeni kichwani, na muwe tayari kuutupa. Mimi sikuwa tayari. Kila nilipoutupa niliandaa mwingine.

Kevo alikuwa kiungo ambaye ningetaka kuwa. Shingo yake haikutulia. Alijua nani yuko nyuma yake, nani amechoka, nani ana kadi. Na alikuwa na mdomo. Nikimwambia apige pasi ya kwanza anajibu, "Coach, wewe unataka tucheze kama PlayStation." Wenzake wanacheka, mimi najifanya sijasikia, halafu anapiga pasi ya kwanza.

Fergal alipoacha kucheza nilimwomba aje anisaidie. Alikuja. Vijana walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, na sikuona wivu, au niliona kidogo. Aliwafundisha vizibao. Aliwafundisha kukaa na mpira kwenye kona mkiwa mnaongoza. Wao walimfundisha kusema "pole pole", naye akaitumia kwa kila kitu, pamoja na salamu.

Niliona dalili kwa Fergal, na niliziita majina mengine. Miwani ya jua siku ya mawingu: macho yamechoka. Hasira ya ghafla kwa sababu ya koni iliyokaa vibaya: uzee. Kwenda Maple Grove siku tunayofanya mazoezi Columbia Heights: ratiba yangu haikueleweka. Ratiba yangu ilieleweka.

Halafu ikaja jioni moja ya zoezi la vizibao. Fergal alikuwa nyuma ya Kevo, mkono juu. Pasi ikaja, Kevo akageuza shingo.

"Buluu!"

"Hapana," alisema Fergal.

Uwanja mzima ulikuwa unaona. Kilikuwa cha buluu. Kevo, yule mwenye mdomo, aligeuka taratibu.

"Sorry coach. Nimeona vibaya. Ilikuwa kijani."

Fergal akashusha mkono. Akakitazama kizibao muda mrefu, kwa mbele, kwa nyuma, kama mtu anayetafuta alama ya fundi.

"Usinifanyie hivyo," alimwambia Kevo, kwa upole. "Nifanyie chochote, lakini siyo hivyo."

Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu. Wakati huo nilikuwa nimeanza kumwendesha kila mahali. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu aliposema, "Ule mtihani, Profesa. Nilifeli kila Februari kwa makusudi. Unajua."

"Najua."

"Mwaka wa mwisho niliogopa. Nikasema nijaribu kweli, nijue. Nikakazana. Sijawahi kukazana vile hata shuleni."

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi.

"Alama zilikuwa zile zile," alisema. "Nenda, unaweza kwenda sasa."

Dada yake alikuja kumchukua majira ya vuli, akampeleka kwao. Nilifunga mizigo yake mimi. Vijana walikuja wote uwanja wa ndege, wengine wamevaa sare za kazi, wakamwambia pole pole.

Sasa nifike kwa Kevo, kwa sababu ndilo ninalotaka mlisikie vizuri. Mlisikia kwa watu wengine, na kila mmoja aliwapa nusu yake.

Msimu uliofuata tulifika mechi ya mwisho. Kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa alikuwa amesema atakuja kumtazama Kevo, na akimpenda atampa nafasi kwenye timu yake na masomo. Kevo hakuzungumza kingine wiki tatu. Mama yake huko Kisii alikuwa ameshaliambia kanisa zima. Alhamisi, kwenye mazoezi, Kevo aliruka na beki wetu, vichwa vikagongana, nikasikia ule mlio. Alianguka, akakaa, akatikisa kichwa, akacheka.

"Niko fiti. Mpira, mpira!"

Nilimtoa. Kesho yake alifanya mtihani kwa Kristin, ambaye siku hizo alikuwa akitusaidia pia sisi. Alama zake zilifanana na za Februari.

"Nimepass, coach," alisema, ameshika mlango wa ofisi. "Uliza Kristin."

Nilimtazama. Nilikuwa nimeziona alama za Februari, na nilikumbuka kwamba wakati ule nilishangaa. Kijana anayejua nani nyuma yake ana kadi, anasahauje maneno?

"Kevo. Februari ulifanya vibaya kwa makusudi?"

Alicheka kidogo. Halafu akaacha. "Sote tulifanya hivyo. Kocha Fergal alitushow, kitambo, kabla hajaanza… kabla hajaenda. Alisema ni uzoefu."

Sikumlaumu Fergal na silaumu leo. Alikuwa amewapa alichonacho.

Nilimpeleka Kevo uwanjani, sisi wawili tu, nikachukua vizibao. Njano. Buluu. Kijani. Nyekundu. Alipatia vyote, haraka, bila shida. Nilimuuliza kichwa kinauma. Hapana. Mwanga? Hapana. Alijibu upesi mno, au mimi nilisikia upesi mno. Mimi maisha yangu yote nimetaka kitu cha kupimia, ukuta, video, alama, na siku ile kila kipimo nilichonacho kilikuwa kimeharibiwa na sisi wenyewe, mmoja kwa kufaulu na wengine kwa kufeli.

Kristin aliniambia ukweli wake. "Kwa yale niliyonayo mbele yangu, yuko sawa. Siwezi kumzuia."

"Mimi naweza," nilisema.

Nilimwambia Kevo kwenye eneo la kuegesha magari. Sikujua njia nzuri, kwa hiyo nilitumia fupi. Kesho huchezi.

"Juu ya nini?"

"Juu ya kichwa chako."

"Nimepass!"

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuuamini mtihani."

"Hiyo haimake sense, coach." Sauti yake ilipanda, halafu ikashuka, na ile ya kushuka ndiyo iliyoniumiza. "Wewe unaogopa tu. Wewe ulishindwa kurudi, sasa hutaki mtu mwingine arudi. Kocha Fergal angenicheza."

"Ndiyo," nilisema. "Angekuchezesha."

"Basi?"

Alisubiri, kwa sababu ni kijana mwenye malezi, alinipa nafasi ya kusema kitu cha maana. Halafu akaingia kwenye gari lake.

Alikuja kwenye mechi. Alikaa benchi na koti lake la baridi, kofia usoni. Kocha wa chuo kikuu alikuja na kahawa mkononi, akauliza namba nane yuko wapi, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akatazama kipindi cha kwanza kwa adabu, akaondoka. Tulifungwa. Kevo alipeana mkono na wachezaji wenzake wote, na wapinzani wote, na refa. Mimi alinipita.

Nafasi ile alipewa kijana wa timu nyingine. Kevo hakurudi kwenye timu mwaka uliofuata. Hakuumwa. Hakuna kilichowahi kuonekana kichwani mwake. Huenda hapakuwa na kitu, na nilimnyima kijana maisha yake kwa sababu ya hofu yangu. Mama yangu aliponipigia nilimweleza yote. Akasema, "Angalau yu mzima, Hemedi." Nikamwambia sijui kama hilo nilimpa mimi au alikuwa nalo tayari.

Niliendelea kufundisha misimu miwili zaidi. Mlifikiri ninaacha kwa sababu ya kazi nyingine. Mmoja wenu alirekodi mechi yetu dhidi ya timu ya Golden Valley, akanitumia ili tuchambue ulinzi wetu. Niliitazama kama ninavyotazama kila kitu, nikisimamisha na kurudisha. Ulinzi haukuwa na tatizo kubwa. Ila pembeni ya picha nilimwona mwanamume mwenye koti la kocha, na kila mpira ulipokwenda juu, kila mara, kabla ya vichwa kufika, alikuwa anainamisha uso na kufumba macho. Anayafumbua wachezaji wakishatua, anawahesabu, kisha anaanza tena kutoa maelekezo kana kwamba ameona. Nilikuwa sijui kama nafanya hivyo. Nilijaribu mechi mbili kuyaacha wazi. Sikuweza. Kocha asiyeweza kutazama nusu ya mchezo anawadanganya wachezaji wake. Nikaandika barua ya kuacha, nikaipitia mara nyingi kuliko inavyostahili barua ya mistari minne, nikaileta.

Fergal yuko kwa dada yake. Siku zingine ananijua kwenye simu, siku zingine anaongea nami kwa ukarimu kama na mtu wa kampuni ya umeme. Kevo anasomea uuguzi. Nilimwona mara moja kituo cha basi cha Columbia Heights, akasema "Coach," kwa sauti ya kawaida, na basi likaja.

Kilichobadilika ni hiki. Katika timu yetu, mchezaji akigongwa kichwa hachezi mechi inayofuata, iwe mechi gani, aje kutazamwa na nani, na mtihani unaanza kuzungumziwa baada ya hapo tu. Wachezaji wanaambiwa hivyo Februari kabla hawajakaa mbele ya kompyuta, kwa hiyo kufeli makusudi hakumsaidii mtu, na Kristin anasema alama zao zimepanda. Kanuni hiyo ilianza wiki moja baada ya mechi ya Kevo. Yeye haikumfaa kitu.